Silinda Sita Jikoni kwa Nesi

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, nje ya duka la Kinyozi, upande ambao jua huchelewa kufika. Mwisho wa ubao nakaa mimi na sanduku langu la kushonea viatu. Kazi naifanya huku nasikiliza, na viatu vya watu huchelewa kwa sababu hiyo. Katikati anakaa Stempu, mstaafu wa posta, ambaye hata akiomba sukari utadhani anasoma tangazo la serikali. Pembeni yake yupo Injinia. Injinia hajasomea uinjinia. Alikuwa mlinzi wa geti kwenye ofisi ya mainjinia, na anasema walikuwa wakizungumza huku wanapita. Kinyozi mwenyewe hakai. Husimama mlangoni, wembe mkononi, na nyuma yake kila mara kuna mteja aliyepakwa povu nusu ya uso anayesubiri hoja iishe. Kahawa anatuletea Birika, mtu asiyesema kitu, na labda ndiyo maana sijawahi kusikia mtu akimpinga. Alhamisi ile hoja ilikuwa moja: mke wa Fundi Saa amechoshwa na injini, na safari hii anaondoka.

— Ameshaondoka, alisema Kinyozi. Yaliyobaki ni mabegi tu.

— Mimi nimemwona jana, nikasema.

— Umeuona mwili. Moyo umeshahama. Zamani alikuwa akitoka zamu anapita hapa jua bado kali. Wiki hizi anapita taa za barabarani zimeshawaka. Anakuwa wapi?

— Kazini. Si nesi yule?

— Wagonjwa hawawezi kuongezeka wote kwa mpigo eti kwa sababu Fundi Saa amefungua injini.

Fundi Saa ana kibanda cha kutengeneza saa mkabala na benchi letu. Siku hizi watu wanaangalia saa kwenye simu, kwa hiyo kazi yake kubwa ni kubadilisha betri za saa za ukutani. Mkewe, ambaye mtaa mzima tunamwita Nesi, ni mtoto wa kike pekee wa yule mzee aliyekuwa akiendesha magari ya mashindano, nyumba yake ile ya mwisho baada ya kona. Mzee alipofariki alimwachia Nesi gari lake: milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Enzi zake likipita hapa, Kinyozi alikuwa anaondoa wembe kwenye shavu la mteja mpaka lipotee. Lakini lilikuwa limekaa uani miaka mingi, maji yakaingia ndani, kuku wakatagia kwenye kiti cha nyuma. Kaka zake Nesi wakaiuza nyumba, wakasema gari nalo liende kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Ndipo Fundi Saa, ambaye mbele ya wakwe huwa haombi hata maji, akasimama akasema: nitaliwasha mimi. Kaka mtu mkubwa akamjibu kwamba basi sawa, mwenye nyumba mpya anaingia Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao. Likitoka getini kwa nguvu zake lenyewe, ni lenu. Likitoka kwa kuvutwa, halisimami mpaka kwa mnunuzi.

Tangu siku ile amekuwa akibeba injini kipande kimoja kimoja kwenda nacho nyumbani kwake, na Jumamosi yenyewe sasa ilikuwa keshokutwa.

— Mimi nadhani ameomba uhamisho, alisema Stempu. Mtumishi akitaka kumwacha mume kwa utaratibu, huanza na uhamisho.

— Si uhamisho, alisema Injinia.

Akaweka kikombe chini. Injinia akiweka kikombe chini ujue ana jambo.

— Nimemwona kwa macho yangu. Juzi jioni, kule uwanja wa maonyesho, mahali ambapo hakuna mtu. Yumo ndani ya gari la wagonjwa la hospitali, yeye na dereva.

— Na mgonjwa?

— Mgonjwa hakuna. Gari linakwenda mpaka mwisho wa uwanja, linakata kona, linarudi. Linakwenda tena, linarudi. Wawili tu.

— Labda walikuwa wanatafuta anuani, alisema Stempu.

— Uwanjani?

— Nimeona barua zimeandikwa anuani za ajabu kuliko hiyo.

— Alikuwa amekaa upande gani? nikauliza.

— Mbele.

— Mbele upande gani?

— Ndugu yangu, mimi niliona aibu nikageuza uso. Sikuanza kupima pande.

Kinyozi akatikisa kichwa taratibu, kama daktari aliyepata majibu aliyokuwa akiyatarajia. Mteja wake akauliza kutoka ndani kama povu halitakauka. Hakujibiwa, maana wakati huohuo Fundi Saa alikuwa anavuka barabara kuja kwetu.

Alikuja amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye taulo, akakaa, akakilaza mapajani. Mikono yake, ambayo miaka yote ilikuwa safi kama ya mtu wa benki, ilikuwa na weusi ndani ya kila kucha. Birika akampa kikombe.

— Vipi mgonjwa wako? aliuliza Kinyozi. Amefumbua macho?

— Injini nimeirudisha yote garini, alisema Fundi Saa. Jana jioni nimekaza nati ya mwisho. Nikaweka betri, nikalipiga starta. Linazunguka vizuri kabisa, halafu linapiga chafya. Moto unatokea juu, kwenye kabureta. Nusura niungue nyusi.

— Kabureta ulizisafisha lakini?

— Zote tatu nimezichemsha kwa maji ya ndimu kwenye sufuria ya mama watoto. Ile kubwa, ya wageni. Vitundu vyake vya kupitishia petroli nimevizibua kimoja kimoja kwa waya wa saa. Zinang'aa mpaka unaona uso wako.

— Naye aliiona hiyo sufuria?

— Aliikuta jikoni inachemka. Akafunua, akatazama, akafunika.

Tukatazamana.

— Na silinda hedi? aliuliza Injinia. Kile kifuniko kizito cha juu?

— Kilikuwa kimepinda kidogo kwa joto, na kikipinda injini inavuja. Kinatakiwa kisuguliwe kwenye kitu kilichonyooka kabisa. Nyumba nzima kitu kilichonyooka kabisa ni meza yetu ya kioo.

— Ile mliyopewa kwenye harusi.

— Ile. Nikatandika msasa juu ya kioo, nikawa nakisugua taratibu, kama mtu anayepiga pasi. Akaingia ametoka kazini. Akasimama pale mlangoni muda mrefu.

— Akasema nini?

— Akasema nikimaliza nisiache unga wa chuma kwenye zulia.

— Basi?

— Basi. Akaenda kulala.

Kinyozi akakohoa kidogo. Stempu akawa anachungulia kikombe chake kama kuna kitu kimeandikwa chini.

— Hata kile kifuniko cha valvu, aliendelea Fundi Saa, nilikipaka rangi nyekundu kama ilivyokuwa, nikakioka kwenye oveni ili rangi ishike. Kesho yake mkate ukatoka na harufu ya rangi. Alikula kipande chake chote, akasema umeiva vizuri. Mimi namjua mke wangu. Sufuria ikiwekwa mahali si pake ananiita kutoka kibandani. Sasa namgeuzia jikoni kuwa gereji, hanigombezi. Angenigombeza ningelala.

— Kunyamaza ndiko kubaya, alisema Kinyozi.

— Najua.

— Mke wa kwanza wa mjomba wangu alinyamaza hivyohivyo.

— Mwache mtu anywe kahawa, nikasema.

Fundi Saa akanitazama mimi, kisha akawatazama wote.

— Nyinyi mnakaa hapa. Kila anayepita mnamwona. Mama watoto jioni anapita na nani?

Injinia akaanza kufunga kamba za viatu ambavyo havina kamba.

— Peke yake, nikasema. Anapita peke yake.

Na ulikuwa ukweli. Hapa mbele ya benchi alikuwa anapita peke yake.

— Akifika anavua viatu, vimejaa vumbi, alisema Fundi Saa. Anakaa anausugua mguu wa kushoto. Namuuliza unaumwa, anasema kazi. Namuuliza kazi gani inaumiza mguu mmoja, anasema nenda kasage valvu zako. Basi naenda nasaga.

— Tuache ya nyumbani, alisema Kinyozi haraka. Turudi kwenye chafya. Tatizo mimi nalijua. Umeisugua mno. Ngozi ukiinyoa mpaka ikawa laini kupita kiasi, hata mafuta hayashiki. Moto nao unataka mahali pa kushika. Umeiacha injini haina hata kipele kimoja, moto unateleza unatokea juu.

— Moto hautelezi, alisema Stempu.

— Umewahi kuushika?

— Nasema jambo la kiutaratibu. Injini hii ilitengenezwa nchi za baridi, ikaja kwa meli. Kitu kikisafiri namna ile huwa kina masharti ya utunzaji. Sasa imechemshiwa ndimu, imeokwa, imepigwa msasa. Haijui tena iko wapi. Vifurushi vya namna hiyo posta tulikuwa tunavitenga chumba cha nyuma mpaka vitulie.

— Vilitulia?

— Vingine mpaka nastaafu vilikuwa bado.

Injinia akasubiri mpaka Birika amalize kumimina.

— Mainjinia walikuwa wakisema kwamba chuma kina kumbukumbu. Nimewasikia mwenyewe, nimeshika geti. Sasa injini hii miaka yote ilikuwa inakanyagwa na mguu mmoja tu, wa mzee. Inaujua uzito wake. Leo unaingia wewe, mtu wa kilo hamsini na kitu, unakanyaga mafuta. Inajiuliza, huyu ni nani? Ndiyo inapiga chafya. Fundi Viatu, mzee alikuwa anavaa namba ngapi?

— Arobaini na nne, nikasema, maana viatu vyake nilivishona mimi.

— Unaona. Atafute kiatu cha arobaini na nne, akijaze mchanga, avae mguu wa kulia.

Cha ajabu ni kwamba Fundi Saa alikuwa anasikiliza. Mtu aliyeikalisha injini jikoni kwake wiki na wiki, akazilainisha pistoni zilizoganda kwa kutu kwa kuzimiminia dizeli na kuzisubiri, kila jioni akijaribu kuzungusha kwa spana na bomba, mpaka siku moja zikasogea upana wa ukucha na yeye akakaa chini palepale uani, mtu huyo sasa alikuwa anafikiria kiatu chenye mchanga. Nikamwonea huruma.

— Alikuwa ananiita mtu wa vigurudumu vidogo, alisema ghafla. Mzee. Tangu siku niliyokwenda kujitambulisha. Mbele ya wageni anasema, huyu mkwe wangu, mtu wa vigurudumu vidogo. Sikuwahi kumjibu. Mtu amekuzalia mke, utamjibu nini?

Ndipo Nesi akatokea, anakwenda zamu, sare nyeupe imenyooshwa, mkoba begani.

— Hamjambo shemeji zangu.

— Hatujambo shemeji, tukaitikia wote kwa sauti ya watu wasiokuwa na habari yoyote.

Akasimama mbele ya mumewe. Lile taulo lilikuwa limefunguka, na kilichokuwa ndani kilikuwa kifuniko cheusi chenye nyaya nene zimetoka juu kama miguu ya pweza. Ni kile kinachogawa umeme kwenye plagi. Fundi Saa anakiita distributa.

— Jana nimelisikia kutoka nyumbani, alisema Nesi. Linapiga chafya.

— Linapiga chafya.

Akazitazama zile nyaya. Akainama akagusa mmoja, akauacha. Kisha akasema, bila haraka, kama mtu anayejisemea:

— Moja, tano, tatu, sita, mbili, nne.

Akaweka mkoba vizuri begani, akaenda zake.

Tukamsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona.

— Hiyo ni namba ya simu, alisema Kinyozi.

— Haitoshi, alisema Stempu. Namba ya simu ni ndefu kuliko hiyo. Hilo ni sanduku la posta. Ameshafungua sanduku lake mwenyewe. Mtu akifungua sanduku lake ni hatua kubwa.

— Ni namba ya jalada mahakamani, alisema Injinia. Kesi za ndoa zinaanza na moja.

— Umejuaje?

— Mbona hiyo imeanza na moja.

— Au ni namba ya gari la kuhamia, alisema Kinyozi. Anamwambia mapema ili likija asilizuie. Mwanamke mstaarabu, huyo.

Nikamgeukia Fundi Saa nimwambie asiwasikilize. Hakuwa anawasikiliza. Alikuwa amekishika kile kifuniko kwa mikono miwili, na midomo yake inatembea.

— Alichapwa, akasema.

— Nani?

— Mama watoto. Darasa la kwanza. Aliniambia tukiwa wachumba. Mwalimu alimwambia ahesabu, akahesabu moja, tano, tatu, sita, mbili, nne. Akachapwa, kwa sababu baba yake ndivyo alivyomfundisha nyumbani. Mimi nilicheka. Nilidhani mzee alikuwa anamfanyia utani mtoto.

— Utani gani huo?

— Si utani. Moto haupigi kwa kufuata mstari. Silinda ya kwanza ikipiga, inayofuata si ya pili, ni ya tano, halafu ya tatu. Ni ili injini isijiyumbishe. Nyaya nilikuwa nimeziandikia namba kwa wino, petroli ikafuta. Nikazipanga moja, mbili, tatu, mpaka sita, kwa mzunguko.

— Kwa nini kwa mzunguko?

— Kama saa, alisema Fundi Saa.

Akasimama. Kahawa yake ilikuwa imejaa, akaiacha. Alivuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, na baiskeli ikamkwepa.

— Haya, alisema Kinyozi. Nyaya zimepatikana. Lakini mke bado anarudi usiku.

Akaingia ndani kumalizia shavu la pili.

Jumamosi tulifika mapema wote. Fundi Saa alikuwa ametuomba tusiende kule uani. Alisema, mkija mtashauri. Basi tukakaa kwenye benchi, ambapo nyumba ya mzee huwezi kuiona lakini mlango wake ukifungwa kwa nguvu unausikia.

Kulikuwa na mtu mgeni siku hiyo, ndiyo kwanza amehamia mtaani, alikuja kunyolewa ndevu. Kinyozi alimpaka povu, akamtoa nje akamkalisha kwenye benchi na taulo shingoni, maana alitaka awe na masikio mawili barabarani. Yule bwana hakulalamika. Birika akampa kahawa, akawa anainywa kwa uangalifu, asilowanishe povu.

Lori la chuma chakavu likapita. Mbele, pamoja na dereva, walikaa kaka wawili wa Nesi. Mmoja akatupungia mkono.

— Wanakwenda kuchukua gari la Fundi Saa, Injinia akamweleza mgeni. Injini ameitengenezea nyumbani, jikoni. Leo ndiyo leo. Mkewe anamwacha.

— Anamwacha leo?

— Hatujui saa.

— Pole yake, alisema mgeni.

Starta ikasikika. Kama mtu anayekohoa akiwa amelala, mara moja, mara mbili. Ikanyamaza.

— Betri, alisema Stempu.

— Kiatu, alisema Injinia. Nilimwambia.

Ikasikika tena, ikakokota, ikakokota, na mimi nikagundua kwamba sindano yangu imesimama katikati ya soli. Halafu likawaka.

Sijui nikueleze vipi. Ni kama mtu amechukua kitambaa kizito sana, akawa anakirarua polepole bila kukimaliza. Kioo cha dirisha la Kinyozi kilitetemeka. Kinyozi alikuwa ameinua wembe juu, ameusahau hapo. Stempu akavua kofia. Mlio ukapanda, ukashuka, ukatulia chini, ukawa unapumua.

— Zote sita, alisema Birika.

Tuligeuka wote. Alikuwa ameinamisha kichwa, birika mkononi, anasikiliza.

— Ameweza, nikasema. Mtu wa vigurudumu vidogo ameweza.

— Nilisema tangu mwanzo kwamba ataweza, alisema Kinyozi.

— Likitoka getini tu, kwisha kazi, alisema Injinia. Kaka zake Nesi warudi na lori tupu.

Mgeni akafuta povu lililokuwa linamwingia mdomoni.

— Samahani, akasema. Nani analiendesha?

— Si mwenyewe, Fundi Saa.

— Anajua kuendesha?

Mimi nikajaribu kukumbuka siku hata moja niliyomwona Fundi Saa nyuma ya usukani. Namkumbuka kwa miguu. Namkumbuka na mwavuli. Harusini kwake aliletwa, na msibani kwa mkwe wake alipewa lifti.

— Basi mmoja wenu angeenda kumsaidia, alisema mgeni. Mnaonekana mnayajua sana magari.

Kinyozi akautazama wembe.

— Mimi nimefungua geti kwa magari ya kila aina, alisema Injinia baada ya muda. Lakini kuendesha, hapana.

— Posta tulikuwa na madereva, alisema Stempu.

Mgeni akatutazama mmoja baada ya mwingine. Kule baada ya kona mlio ukabadilika. Kukasikika chuma kinasaga chuma, mkwaruzo wa gia uliotutoa meno nje, kisha injini ikazimika. Tukasikia kicheko cha mwanamume mmoja. Nadhani alikuwa kaka mtu mkubwa.

Nitakwambia kweli, nilikuwa namwona Fundi Saa akilini mwangu, amekaa kwenye kile kiti, kila nati anaijua kwa jina lake, na hajui mguu upi unakanyaga nini. Nikasema moyoni, kumbe hata mimi rafiki yake sikuwahi kumuuliza.

Starta tena. Likawaka. Mkwaruzo mdogo zaidi safari hii. Mlio ukaanza kusogea.

Gari likatokea kwenye kona. Lilikuwa linakuja mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Rangi yake nyeupe ilikuwa imebabuka, taa moja ya mbele haipo, pua ile ndefu inatangulia kama inanusa njia. Nyuma yake lori, tupu. Na kwenye usukani, sare nyeupe imenyooshwa, amekalia mto ili aone mbele, mikono yote miwili imeshika kweli kweli, alikuwa Nesi.

Fundi Saa alikaa upande wa pili. Uso mweusi wa moshi, spana mapajani.

Likafika mbele ya benchi, likaruka kidogo, likazimika. Nesi akasema neno ambalo manesi huwaambia wagonjwa wasiotulia, akaliwasha upya, akateremsha kioo.

— Hamjambo shemeji zangu.

— Hatujambo, akasema mgeni peke yake.

— Shemeji, alisema Injinia, na sauti yake ilikuwa ndogo. Umejifunzia wapi?

— Kwa dereva wa gari la wagonjwa. Kila jioni nikitoka zamu, kule uwanja wa maonyesho. Klachi ya lile gari nzito, mguu huu wa kushoto umekaribia kunitoka.

— Na ulikuwa humwambii huyu?

Nesi akamtazama mumewe, kisha akatutazama sisi.

— Alisimama mbele ya kaka zangu akaapa litatoka. Nikajua hapohapo kwamba hajafikiria habari ya usukani. Ningemwambia wakati ule angeacha kila kitu, akaanza kuogopa. Nikamwacha na valvu zake.

— Sikuwa nimefikiria, alisema Fundi Saa. Leo asubuhi nimekaa kwenye kiti, nikawasha, ndiyo nikafikiria. Nikang'ang'ania usukani. Akaja akafungua mlango wangu, akasema, hamia kule.

— Na ile mara ya kwanza? aliuliza Kinyozi. Tumesikia limezimika.

— Ilikuwa mimi, kaka yangu akacheka, alisema Nesi. Sasa hivi yumo kwenye lori tupu, nyuma yetu.

Macho ya Fundi Saa yalikuwa mekundu, yamejaa maji. Aliona ninamtazama.

— Moshi, akasema.

— Unauma kweli, nikasema.

Injini ilikuwa inapumua, na kikombe cha Stempu kilikuwa kinatembea taratibu kwenye ubao. Nesi akavuta gia, akaipata, akashusha pumzi. Akamgeukia mumewe.

— Haya. Twende wapi?

Fundi Saa akafikiri. Unaweza kuona mtu anafikiri hata akiwa na masizi usoni. Alitazama mbele kwenye barabara, akatazama spana yake, mwisho akatutazama sisi, sisi ambao hatujawahi kukosa la kusema juu ya kitu chochote. Stempu akakitazama kikombe chake. Injinia akapangusa goti. Kinyozi akaanza kusema labda, akaishia hapo.

— Mimi mgeni hapa, alisema yule bwana wa povu.

Lori likapiga honi nyuma. Nesi akapandisha kioo nusu, gari likaondoka kwa kuruka mara moja tu, likaenda mpaka kwenye makutano ya barabara. Pale likasimama. Taa ya kugeukia kushoto ikawaka, ikazimika. Ya kulia ikawaka, ikazimika. Tukawaona wanageukiana, wanaongea. Kisha likanyoosha mbele, na mlio tukausikia muda mrefu baada ya gari kutoweka machoni.